Kanga wa Fundi Bomba

Fundi bomba alimpigia mkewe simu kutoka kazini. “Mama watoto, leo nakuja na kanga!”

Mke, ambaye tangu harusi hajaletewa hata leso, akaoga, akajipulizia manukato, kisha akamwita wifi yake aje aone kaka mtu alivyobadilika.

Jioni fundi akaingia na mfuko mweusi. Mke akatumbukiza mkono kwa mbwembwe, akashika shingo yenye manyoya.

“Kanga wa porini huyo!” fundi akajigamba. “Rafiki yangu kamwinda leo. Nyama yake si mchezo!”

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mke akaubeba mfuko hadi jikoni. Akamnyonyoa yule ndege, akamtia tangawizi na kitunguu, akamchemsha mpaka gesi ikaisha. Nyama ikabaki ngumu kama soli ya kiatu. Fundi akatafuna huku jasho likimtiririka, akiapa kwamba ni tamu ajabu.

“Mbona wewe huli?” akauliza hatimaye.

“Kanga ni doti, mume wangu,” mke akamjibu. “Huyu wa kwanza mle mwenyewe. Ya pili nitaivaa mimi.”