Nguo Alizovaa Kanyere

Mwanzoni mwa mwaka 1999, watu wenye bunduki walikuwa wameifunga barabara ya Goma, na mtu wa Butembo aliyetaka kufika huko alipanda ndege. Kiwanja cha ndege kilikuwa mali ya mji: njia ya udongo mwekundu, kibanda cha mabati, benchi moja na mizani ya kupimia kahawa. Mwenye mizani alikuwa Phinées, karani wa mji. Mbali na tiketi, abiria hakulipia mwili wake; alilipia mizigo yake, kwa kilo, na Phinées ndiye aliyekata risiti.

Asubuhi moja askari wawili walikuwa wameikalia benchi nzima, na Phinées alipenda kuwachekesha. Ndipo akaja mama mmoja, uso umekonda, mwili umejaa, mikono mitupu, jasho linamtiririka katika baridi ile ya mlimani.

"Jina?"

"Kanyere. Natoka Luofu."

"Mizigo?"

"Hapana muzigo, papa."

Phinées akamtazama juu mpaka chini, kisha akawageukia askari. "Muone huyu! Uso ya njaa, tumbo ya shefu!" Walipocheka, kicheko chao kikampanda kichwani kama pombe. "Mama, umevaa duka muzima. Hiyo ni muzigo. Toa, tupime."

"Papa, nakuomba, niko na haraka..."

"Toa!"

Akafungua kitenge cha kwanza. Phinées akakitupa juu ya mizani na kutangaza uzito. Kikafuata cha pili, kisha sweta, na watu wakawa wanaitikia kwa sauti. Chini ya kitenge cha tatu ikaonekana suti ya mwanamume: koti jeusi, na suruali iliyokunjwa mpaka magotini. Kiwanja kizima kikaangua kicheko.

"Aa! Kumbe leo umekuwa bwana!" Phinées akasema.

Kanyere hakuinua macho. "Ni ya bwana yangu. Alikufa hospitali, kule Goma. Niko namupelekea nguo ya kumuzikia. Pesa ilitosha tiketi tu."

Kicheko kikakatika. Phinées akaanza kuokota vitenge haraka haraka, vikamponyoka, akaokota tena. "Vaa, mama. Vaa. Hapana kulipa."

Lakini kuvivaa upya vitenge vyote kulichukua muda, na rubani, aliyekuwa akitazama mawingu yanavyoshuka, hakutaka kungoja. Mfanyabiashara mmoja akapewa kiti chake. Ndege iliruka Kanyere akiwa bado kibandani, anafunga kitenge.

Ndege nyingine ilikuja siku ya nne. Phinées mwenyewe alimtafutia kiti cha mbele. "Asante, papa," Kanyere akasema, macho chini. Siku hiyo Phinées aliacha chakula chake mezani. Mke wake, Abigaïl, alipomuuliza ana nini, alisema ni tumbo.

Baada ya wiki mbili Kanyere alishuka kutoka ndege ya Goma. Phinées akamwendea upesi, akamshika mkono.

"Mama Kanyere, unisamehe."

Kanyere alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani, papa?"

Hilo hakuwa amelitarajia. Ilimbidi alitamke, mbele ya wapakuzi na abiria wote: "Ni mimi mwenye nilikuvulisha manguo."

Polepole Kanyere akautoa mkono wake. "Nilifika, nikakuta bamekwisha kumuzika," akasema. "Bamemufunga na shuka ya hospitali. Bangemungojesha namna gani?"

Phinées alitamani atukanwe, hata apigwe kofi. "Na suti?" akauliza.

"Nilipatia mwenye alichimba kaburi."

Kanyere akapandisha njia ya kwenda barabarani, kutafuta gari la Kirumba, upande wa kwao. Phinées alibaki amesimama katikati ya kiwanja, wapakuzi wanamtazama, mpaka rubani alipompigia kelele aondoke mbele ya ndege.