Amina Katikati ya Maombi

Mabasi yalikuwa yamelala. Kutoka dirishani mwake Walthamstow, London, Zipporah aliliona moja limekwama kando ya barabara, theluji imelimeza mpaka juu ya magurudumu na dereva wake keshaenda zake. Ilikuwa imeanguka usiku kucha, na asubuhi hiyo bado ilianguka, ile nyembamba isiyo na haraka na mtu.

Simu ya ofisi ilimkuta akifunga kamba za viatu. Watunzaji wote wa wagonjwa wakae nyumbani, msichana wa ofisi alisema. Barabara ya kupanda Chingford imefungwa, miti imeilalia, na umeme umekatika upande wa pili wa msitu.

"Na Bi Marion?" Zipporah akauliza.

"Tumewaarifu watu wa dharura. Watafika wakiweza. Simu ya nyumbani kwake haiiti."

Bi Marion alikuwa ajuza wa Kiingereza aliyeishi peke yake katika nyumba ya mwisho, ng'ambo ya msitu. Hakuweza kuinuka kitandani bila kuinuliwa, na nyumba yake ilipashwa joto na umeme huo huo uliokatika. Jioni iliyopita Zipporah alikuwa amemlaza, akamfunika, akamwambia, "Tutaonana asubuhi, Mungu akipenda."

"Mimi ndiye niliyemlaza," alimwambia bintiye Makena. "Sasa nikikaa hapa, nani atamwamsha?"

Makena alizaliwa London. Kiswahili chote alikisikia, lakini alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: hakuna basi, hakuna treni, na mama amerukwa na akili.

"Kuna baiskeli ya Njoroge," mama akasema, akavaa koti.

Njoroge alikaa nyumba ya chini. Alikuwa shemasi kanisani kwao, mwenye mvi ndevuni, na kazi yake ni kupelekea watu chakula kwa baiskeli. Jumamosi alipanda baiskeli nyingine, ya tairi nene, akaenda kuzunguka msituni kwa raha zake tu, jambo ambalo wazee wa kanisa walishindwa kulielewa. Siku hiyo mguu wake ulikuwa kwenye plasta. Barafu ilimwangusha mlangoni pake mwenyewe, akiwa amebeba takataka.

"Mama Makena, hii si baiskeli ya kwenda sokoni," alisema.

"Na mimi siendi sokoni. Marehemu mume wangu alinifundisha baiskeli kwenye tope la kwetu Nkubu, na mitungi ya maziwa nyuma. Theluji ni tope tu lililovaa nguo ya ubatizo."

Njoroge akacheka mpaka plasta ikamuuma. Kisha akainama, akatoa upepo kidogo kwenye tairi ili zitanuke zishike chini, akashusha kiti. Akaichukua simu ya Zipporah, akaiwekea ramani ya msitu nzima nzima, akamwonyesha mstari wa njia na kitone cha buluu. Kitone ndicho yeye. Akienda, nacho kinakwenda.

"Usiifunge kwenye usukani, baridi itainyonya betri. Ikae mwilini, uitoe kwenye njia panda tu. Na uiweke alama ya ndege isihangaike kutafuta mtandao. Hiki kitone hakitaki mtandao, chatoka juu."

"Kila chema chatoka juu."

"Hiki ni cha setilaiti, Mama Makena."

Zipporah akachukua leso yake, ile aliyombebea Makena mgongoni utotoni, akaifunga simu kifuani chini ya koti, fundo likakaza. Yote aliyoambiwa aliyafanya, ila moja. Kuweka alama ya ndege aliona ni kama kuwafungia mlango ndugu wanaokuja kukusindikiza. Badala yake akawaandikia akina mama wa kanisa: "Ndugu zangu, naingia msituni kwa baiskeli kwenye theluji, nakwenda kumwamsha mgonjwa. Niombeeni."

Wakamwombea. Ole wake, wakamwombea kwa simu.

Alipanda mlima wa Chingford akisukuma, akapita magari yaliyoelekeana kama mbuzi wanaogombana. Alipoingia msituni tu, kifua kikaanza kulia. Alikuwa Emérence, dada wa Kongo aliyekaa naye kiti kimoja kanisani. "Dada, niko na wewe mu maombi," akasema, akaomba, na Zipporah akasimama amefumba macho, simu uchi mkononi, theluji ikitua juu yake kama inzi. Emérence alikuwa mfupi wa maombi. Amina, asante dada, akapanda tena.

Njia ilikuwa imepotea. Kulikuwa na weupe, na miti myeusi ndani ya weupe. Tairi zilizama kidogo, zikashika, na Zipporah alikumbuka la marehemu: usishike breki ya mbele, usitazame gurudumu, tazama unakokwenda. Alifika mahali ambapo njia ziligawanyika, akashuka ili aitazame ramani. Kabla hajaitazama, ikalia.

Huyo sasa alikuwa Mama Griffins, mwenyekiti wa akina mama.

"Bwana asifiwe, Mama Makena. Uko wapi?"

"Niko njia panda, Mama. Betri yangu—"

"Tuombe."

Kanisani kwao mtu hakatizwi akiwa ameanza kuomba. Watoto wamelia, sufuria zimeungua, na mara moja mvuke wa chai uliliza kengele ya moto, na hakuna aliyefungua macho kabla ya amina. Zipporah akainamisha kichwa. Mama Griffins akaikemea theluji. Akazibariki tairi, akaombea kitanda cha mgonjwa, ofisi za watunzaji na serikali zote mbili, ya kule na ya huku. Kisha akawachukua wana wa Israeli, akawatoa Misri taratibu, na mifugo yao.

Zipporah akafungua jicho moja. Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Alama za tairi, zile za kuja, zilikuwa zimeanza kujaa theluji.

Alimfikiria Bi Marion akitazama dari, asiyeweza hata kujigeuza ukutani. Wana wa Israeli ndio kwanza wanaiona Bahari ya Shamu.

"Amina," Zipporah akasema.

Mama Griffins akaacha kuomba.

"Mama Makena, sijamaliza."

"Najua, Mama. Nisamehe. Mimi naenda."

Akakata. Katika miaka yake yote ya wokovu hakuwahi kumkatiza mtu mbele za Mungu. Akakipeleka kidole kwenye ile alama ya ndege. Hakikufika. Kioo kikawa cheusi.

Hakupiga kelele. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na njia zote mbili zilikuwa sura moja. Mguu ulitaka kwenda, popote, mradi uende. Akaukataza. Aliwahi kuona ndama akikimbia ukungu wa mlimani mpaka korongoni. Akafungua koti, akaisukuma simu ndani kabisa, ngozi kwa ngozi, baridi yake ikamkata kama kisu, akaifunga leso upya. Kisha akajibanza nyuma ya mti mnene, akawa anakanyaga pale pale kama mtu anayetwanga kwa miguu, akinong'ona, "Amka, mama, amka," hajui kama anaiambia simu au anamwambia Bi Marion.

Alipohisi haimuumi tena kifua, akaijaribu, amejikunyata juu yake. Ikawaka, na chaji kidogo kama tone la mafuta ndani ya koroboi. Jambo la kwanza akaiweka alama ya ndege. La pili akatazama kitone.

Kitone kilimwambia kwamba kule ulikotaka kumpeleka ule mguu ni kule alikotoka.

Aliisoma njia iliyobaki kama anayekariri mstari wa Jumapili: kulia, kijito kiwe mkono wa kushoto, kidaraja, halafu panda. Akairudisha kifuani. Hakuitoa tena mpaka kidarajani, na hapo aliichungulia tu, akahakikisha, akaifunika. Kwenye kupanda baiskeli ilimtupa ubavuni. Aligusa kifua kwanza, goti baadaye. Akainuka.

Kisanduku cha namba kilichotunza ufunguo mlangoni kwa Bi Marion kilikuwa kimeganda. Alikipulizia pumzi mpaka vitufe vikalegea. Ndani kulikuwa baridi kama nje, tofauti ni paa tu. Bi Marion alikuwa amelala alivyomwacha, blanketi kidevuni, midomo imepauka, macho wazi.

"Umechelewa," alisema, sauti nyembamba.

"Njiani kulikuwa na watu wengi."

Zipporah alimwinua, akamkalisha, akaifungua ile leso kifuani pake, bado ina joto, akamzungushia mabegani na kumfunika tena juu yake. Aliondoa alama ya ndege, akawapigia watu wa dharura, akawaeleza kwa maneno machache kwamba mgonjwa ana baridi kali, anaongea, analalamika, na njia ya msituni inapitika. Wakasema wanakuja na gari la magurudumu makubwa. Akaizima simu.

Akafungua chupa ya chai ya tangawizi aliyokuja nayo, akamimina kwenye kifuniko. Vidole vya Bi Marion vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo alimshikia. Na katika kumshikia, akafumba macho, akaanza kwa sauti ya chini. Alianzia pale pale kwenye Bahari ya Shamu, alipomkatiza Mama Griffins. Akaipasua bahari, akawavusha wote mpaka ng'ambo, wazee, watoto, mifugo.

"Unasema nini?" Bi Marion akauliza.

"Namalizia maombi ya mwenzangu. Nilimkatiza njiani."

Bi Marion alitafakari hilo, akavuta leso karibu na shingo.

"Basi maliza," alisema. "Nataka chai yangu ikiwa moto."

"Amina," akasema Zipporah, akamnywesha.