Mhimili wa Pili

Nianze na kosa langu, maana nikianza na udhuru tutakesha. Mpwa wangu aliniomba kitu kimoja kazini, nikamkatalia kwa hasira, na nilipogundua kwamba alikuwa sahihi nikafunga mdomo miaka minne. Mengine yote ni maelezo.

Mimi ni fundi wa darubini ya elektroni. Mashine yenyewe ni ndefu kuliko mlango, inakaa chumba cha chini kabisa cha jengo ili magari yakipita barabarani isitikisike, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyeigusa bila ruhusa yangu. Wanafunzi wananiita Fundi mbele yangu. Nikiwapa kisogo ni Pilipili. Najua. Mtu wa hasira za karibu hakosi jina.

Mpwa wangu alikuja pale kusoma shahada ya uzamivu. Siku hiyo dada yangu alinipigia simu akasema, "Kaka, mtoto nimekukabidhi." Nikamwambia alale usingizi. Tangu akiwa mdogo nilimwita Binti Swali, kwa sababu ukimpa peremende anauliza kwanza imefungwaje. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kiunzi cha seli zinazoufunika ukuta wa ndani wa utumbo. Kila seli ile ina vidole vidogo juu yake, maelfu, na ndani ya kila kidole kuna fungu la nyuzi linaloshuka chini kama mzizi. Yeye alidai kwamba mafungu yale yameunganishwa na vijiuzi vyembamba mno, na bila hivyo vidole vingelala ovyo. Miaka mitatu ya masomo aliiweka juu ya dai hilo.

Kuvitafuta si mchezo. Seli inazamishwa kwenye plastiki, inakatwa kipande chembamba kisichoshikika kwa mkono, kinalazwa juu ya wavu wa shaba mdogo kama punje ya dengu. Halafu mimi nakiinamisha ndani ya darubini, digrii moja moja, sitini huku na sitini kule, picha kila hatua, na kompyuta inazikusanya picha zote kuwa umbo moja unaloweza kulizunguka. Lakini njia hii ina upofu wake. Ukiinamisha kwa mhimili mmoja tu, yaani kwa uelekeo mmoja, nyuzi zilizoukingama mhimili huo zinafifia hata zisionekane. Dawa yake ni kutoa wavu, kuuzungusha robo duara, kuurudisha na kuanza upya. Huo ndio mhimili wa pili. Unakula nusu siku, na kipande kinaweza kuchanika.

Kwenye picha zetu vijiuzi havikuonekana. Binti Swali akaniomba mhimili wa pili. Angeniomba tukiwa wawili, labda ningenung'unika kisha nikafanya. Aliniomba mbele ya wanafunzi watatu: "Mjomba, huenda vimelala upande tusiouona. Si tuzungushe?" Nikasikia kama nafundishwa kazi yangu. Nikamwambia nimeanza kuinamisha vipande hajaota meno, na kama hakuna kitu hakuna kitu, hata tukizungusha mpaka tupate kizunguzungu. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi kukawa na kikao cha idara. Profesa wake, mama mpole asiyependa ubishi, alizitazama picha, kisha akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye macho yetu. Unasemaje?" Hapo ningeweza kusema bado hatujazungusha. Maneno mawili tu, hayana hata uzito. Nikasema, "Hakuna kitu." Profesa akamshauri mpwa wangu aliache dai lile, atafute jingine aanze upya. Miaka mitatu ya mtoto wa dada yangu ikaisha pale mezani, nami nikajiona nimelinda heshima ya darubini.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata posa, alifika siku ya nane. Ijumaa ya wiki iliyofuata mashine haikuwa na foleni, watu wamekwenda kula, nikautoa wavu wake kwenye kisanduku nikauzungusha. Nilijiambia nataka kumthibitishia kwamba nilisema kweli. Kompyuta ilipomaliza hesabu zake, vijiuzi vikawepo. Vingi, vimekazwa fungu kwa fungu, vilevile alivyokuwa akivichora daftarini. Nikaihifadhi faili, nikaurudisha wavu kisandukuni.

Nikasema nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ikafika, nikasema kwanza nitafute maneno mazuri. Mtu mzima ovyo. Jumatano akakabidhi funguo za maabara, akaacha masomo, akaenda kufanya kazi kwenye duka la dawa la rafiki yake. Nikajiambia basi, maji yakimwagika hayazoleki. Methali ni tamu sana ukiwa unatafuta pa kujificha.

Miaka minne tukawa tunakutana nyumbani kwa dada yangu. Ananiamkia, "Shikamoo, Mjomba," naitikia marahaba huku natazama viatu. Mwezi uliopita nikasikia kwamba profesa anaweza kumrudisha mwanafunzi aliyeacha, mradi awe na ushahidi mpya. Nikampigia simu mpwa wangu. Roho ilitaka kutubu, mdomo ukataka kubaki na heshima yake, na mdomo ukashinda.

"Binti Swali," nikamwambia, "juzi nilikuwa nafanya usafi, nikaukuta wavu wako. Nikajaribu kuuzungusha. Vipo, mwanangu. Ulikuwa sahihi."

Nikamtumia faili. Siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Nimeviona, Mjomba. Ni vizuri kuliko nilivyowaza."

"Nimefurahi sana."

"Faili inabeba tarehe ya kupigwa picha. Wewe ndiye uliyenifundisha pa kuisoma."

Nilikaa kitandani. Miaka yote hiyo nawaambia watoto wa watu kwamba picha isiyo na tarehe si picha, na yangu mwenyewe nikaisahau.

"Ilikuwa Ijumaa," akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. Heri angepandisha. "Mimi niliondoka Jumatano. Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kila asubuhi nilikuja kunywa chai chumbani kwako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa sijaamua bado. Nilikuwa nangoja uniambie nisiende. Hata kama vijiuzi havipo, Mjomba. Ungesema kaa, ningekaa."

Nikamwomba radhi. Niliomba vibaya, maneno mengi yasiyo na mpangilio, na nusu yake yalikuwa kujitetea. Nikamwambia nitakwenda kwa profesa mwenyewe niseme yote, tarehe na uongo wangu, arudishwe. Akasema niende nikaseme, ni haki yake isemwe, lakini yeye harudi. Chumba kile hataki hata kukipita mlangoni.

Nyuma yake nikasikia mteja akiulizia dawa ya kikohozi. Akamweleza vijiko vingapi, kabla ya kula au baada, kwa upole ule ule. Kisha akarudi kwenye simu.

"Mama usimwambie," akasema. "Nilimwambia ulinipigania, na mpaka leo anaamini."