Mabega ya Mama Theresia

Mwaka 1952, pale Ihanja, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kwaya, na padre Mzungu alikuwa amenionya: kanisani watu wasimame wima kama askari. Mama Theresia, mmoja wa wanakwaya wangu, hakuweza. Akiimba, mabega yake yalicheza kama ya wanawake wetu wanapopura mtama.

Siku ya kuja askofu nilimzuia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Leo utakaa nje. Mabega yako yananiaibisha."

"Marahaba, mwanangu. Na sauti itoke wapi, mabega yakiwa yamekufa?"

Wanakwaya walicheka. Mimi nilifunga mlango.

Kwa woga nilianzisha wimbo juu mno. Ubeti wa kwanza haujaisha, sauti zikakatika, kanisa zima likanyamaza. Ndipo nje ya dirisha Mama Theresia akauanzisha upya, chini, taratibu, na kwaya yangu yote ikamfuata yeye.

Baada ya misa padre alinishika mkono. "Umefundisha vizuri. Nani yule aliyeimba nje?"

"Mpita njia tu, padre."

Mama Theresia alikuwa bado dirishani. Alinisikia.

Jumapili iliyofuata niliacha mlango wazi, nikamsihi aingie. Aliitikia shikamoo yangu, akaenda kusimama pale pale nje.

Siku hizi nasimama kwenye mikutano ya kudai uhuru Singida Mjini, nawapigia kelele Waingereza wanaotuweka nje ya nyumba yetu wenyewe. Watu wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni nani aliyemfungia mlango Mama Theresia.