Mafuta ya Kurudia

Mafuta ya kutufikisha Msambweni yalikuwamo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Shangazi Saleha alifariki alfajiri, kwake Msambweni, ng'ambo ya mpaka, na jeneza lilipangwa kutoka nyumbani saa sita ili aswaliwe baada ya adhuhuri. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka miwili mpaka nilipoanza sekondari. Kwetu wanawake hatwendi makaburini. Tunamuaga maiti nyumbani, uso ukifunuliwa, basi. Nilitaka kuuona uso ule. Sikutaka kingine.

Tuliondoka Tanga mimi na Ba'mdogo Idarusi, mdogo wake marehemu, katika gari langu kuukuu. Pale Horohoro, mpakani, Ba'mdogo akateremsha kioo kuwaita wabadilisha fedha.

"Tuchukue za Kenya kidogo, mwanangu."

"Za nini, Ba'mdogo? Mie nna kadi. Yalipa popote duniani."

Nilisema kwa sauti, wale wabadilishaji wasikie. Mwalimu wa Raskazone na kadi yake mpya ya benki! Siku hiyo ungenikuta njiani ungenipisha.

"Haya, Hasina. Wewe ndiwe uliyesoma," akasema, akapandisha kioo.

Mihuri ya mpakani tuliimaliza saa nne na nusu. Tulipoipita Lungalunga nikaona kituo cha mafuta, nikakata kona. Ba'mdogo akautazama mshale.

"Mbona haya yatufikisha?"

"Haya ni ya kwendea. Natia ya kurudia."

Uongo. Nilitaka aione kadi ikifanya kazi.

Mhudumu wa pampu, mtu mzima aliyeitwa Zubeiri, akajaza tangi mpaka juu, ndipo akaleta mashine. Nikachomeka kadi, nikabonyeza namba ya siri. Ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu nilianza na bismillahi, nayo ikakataa.

"Dada, uliwaambia benki kama wavuka mpaka?"

"Niwaage wao? Kwani ni waume zangu?"

"Kadi nyingine zikitoka nchi hufungwa, mpaka mwenyewe aombe zifunguliwe," akasema kwa upole.

Simu zetu hazikuwa na mtandao tangu tuvuke. Ba'mdogo alikuwa na noti moja tu ya elfu kumi ya Tanzania, isiyofika hata robo ya deni. Akiba yake alikuwa ameshaituma kwa ajili ya sanda. Nikamweleza Zubeiri kwamba tunawahi maziko, nikampa pasi yangu ya kusafiria aiweke rehani.

"Poleni sana. Lakini bosi pasi haitaki. Lita zikipungua nakatwa mie, na nna watoto."

Akaenda kutafuta mpira na madumu ya kuyatoa mafuta yake.

Zubeiri akanyonya, akatema, akanyonya tena, mafuta yakaanza kutoka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yanazoleka, ila yanachukua saa nzima. Dumu lilijaa, likamiminwa, likarudi, nami naitazama saa. Hasira zilinijaa na sikuwa na wa kumkasirikia. Ba'mdogo hakunisema hata neno moja. Angenisema ningepata nafuu.

Tulifika Msambweni saa sita na robo. Jeneza lilikuwa limeshatoka mlangoni, mabegani mwa wanaume, linakwenda haraka kama ilivyo ada. Ba'mdogo akashuka kabla sijasimamisha gari sawasawa, akaingia katika kundi. Mimi nikabaki barazani na wanawake. Nilichokiona ni kitambaa cha kijani na migongo ya kanzu. Nililia sana, na walio karibu yangu walidhani nalia kama wao.

Ba'mdogo alirudi na udongo mpaka magotini, maana yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea dada yake. Akaniita kando, uani, penye pipa la maji, akanawa mikono polepole.

"Nilipomlaza nilimnong'oneza," akasema. "Nimemwambia Hasina amekuja, yupo nyumbani."

Nikamuuliza kama alimwambia pia kwa nini nilichelewa.

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje, Ba'mdogo?"

Akakung'uta maji mikononi.

"Kwamba ulisimama kutia mafuta ya kurudia."