Mstari Mfupi Kuliko Yote

Nakijwa anajilaza kochini baada ya chakula cha mchana, kidogo tu, maana leo jumuiya inakuja kusali kwake na ameshakata shauri: akisikia hodi, hafungui. Tangu amzike bintiye Niwaeli hajapiga goti. Siku ya matanga Mama Sifaeli, kiongozi wa jumuiya, alimwambia mbele za watu kwamba mtoto angepona kama mama yake angekuwa na imani. Ulimi hauna mfupa, bwana. Macho yanafumbika, na kochi linageuka barabara.

Barabara inapanda milima ya Upare, inashuka, inapanda tena palepale iliposhukia, na kila kona Nakijwa anaikuta Usangi ya utoto wake, migomba, kanisa la mawe, harufu ya maharage ya bibi yakichemka, ila vyote vimegeuzwa kama ndani ya kioo, mnara wa kengele uko kushoto badala ya kulia. Lo, jinsi alivyopakumbuka! Mbele yake anatembea mwanamke aliyevaa kitenge cha umoja wa wanawake, na akigeuka hana uso, pako laini tu kama yai. Mwanangu yuko wapi? Nakijwa anauliza. Kitendawili, anasema mwanamke. Nakijwa hana hamu ya michezo, lakini mazoea yana taabu, mdomo unajibu wenyewe, Tega. Anajua atamwamsha, bado analia, anatega mwanamke. Sijui. Basi nipe mji. Nakijwa anampa Same, na Same inazimika kule chini bondeni. Sijui bado. Nipe mji. Anampa Mwanga, nayo inayeyuka, na sasa barabara zote zinaishia Usangi. Nipe mji. Huu sikupi, anasema Nakijwa kwa hasira, huu ndio nilionao. Basi tegua, anasema mwanamke, na wanaingia kanisani.

Ndani ni shule ya Jumapili. Watoto wanasimama mmoja mmoja kusema mstari wa moyo, na yule mwembamba wa mwisho ni Nakijwa mwenyewe, mvivu wa kukariri, anasema uleule wa kila wiki, mfupi kuliko yote, na wenzake wanaangua kicheko, na bibi pale nyuma anacheka mpaka kilemba kinamlegea. Nakijwa mkubwa anacheka pia, kisha kicheko kinakatika. Ni Bwana, yule anayelia katika mstari wangu, anasema polepole. Kaburini kwa Lazaro. Alijua atamfufua, na bado alilia. Umetegua, anasema mwanamke. Sasa niambie, alilia kwa kukosa imani? Machozi yanamtoka Nakijwa, yale aliyoyazuia tangu msibani, na anaona ule uso usio na macho nao unalowa. Bwana, anaita, na ni mara ya kwanza kuita tangu mazishi.

Hodi, Mama Niwaeli. Amekaa kochini, au anadhani amekaa. Mlango uko wazi na hakumbuki kuufungua. Wanawake wamesimama kizingitini, jua liko nyuma yao, nyuso hazionekani. Nakijwa anapapasa kochi, halimwambii kama ameamka.

Karibuni, anasema. Lakini leo hatuanzi na maombi. Leo tunamlilia kwanza mwanangu.

Mmoja anapiga magoti sakafuni, anamshika miguu, anasema nisamehe, mama, kwa sauti ya Mama Sifaeli, na ndiye wa kwanza kulia.