Vyoo vya Wageni Magofuni

Siku ile nilidanganya kwa raha tu. Lynnette, binti wa bara aliyepewa kazi ya kuchora ramani, alikuja Bofu kuyapima magofu ya msikiti wetu wa kale. Ilipangwa watalii wajengewe kibanda cha tikiti, njia ya kutembelea na vyoo.

"Shikamoo mzee Mansur. Kuna makaburi hapa?"

"Marahaba. Chini ya mkwaju ule kazikwa shehe wa futi tisa, wima, kampakata punda wake. Wallahi!"

Akaandika. Nami nikaenda barazani kuwachekesha wenzangu.

Baada ya miezi mitatu akarudi na ramani. Vyoo vilikuwa vikae mkwajuni. Sasa, kumpisha shehe, vimehamishiwa upande wa vichakani. Vichakani ndiko alikolala mama yangu.

"Mwanangu, hapo pana kaburi. La mama."

"Naye amempakata nani?"

Mafundi aliokuja nao wakaangua kicheko.

"Wallahi, Lynnette!"

"Hata punda ulimwapia, mzee." Kisha akalainisha sauti. "Niletee mtu mmoja tu anayelijua. Mmoja. Nitaichora upya."

Nikaenda mbio kwa dada yangu Rahima. Akalia kabla sijamaliza.

"Kaka, mimi nilibaki ndani na wanawake. Ninyi wanaume ndio mliofuata jeneza. Nitaapiaje mahali nisipopaona?"

Kweli. Kwetu mwanamke haendi kuzika. Na wanaume waliombeba mama, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, wote wameshatangulia. Hata yale mawe mawili, la kichwani na la miguuni, vibarua waliyang'oa walipofyeka, wakayapanga na kokoto za msingi.

Jumatatu nilimkuta Kimani, dereva wa mashine ya kuchimba, keshaanza.

"Kimani, baba, nakuomba, polepole."

"Mzee, shehe wako tumemwachia kivuli chote kile. Unataka nini tena?"

Mashine ikainama, ikainuka, ikamimina udongo kwenye lori. Nikakodoa macho, sikuona kitu. Miaka sitini, ataonekana nini? Lori likajaa, likawashwa. Nikainua mikono nimsomee mama Fatiha, nikashindwa kujua nigeukie wapi, shimoni au kule lori linakokwenda.